Mtoto Mdogo Katika Karamu ya Arusi

Dominika ya 27 ya Mwaka B
Masomo: Mwa 2:18-24, Ebr 2:9-11, Mk 10:2-16

Wapendwa wasikilizaji, nawasalimu ninyi nyote mlioketi majumbani mwenu asubuhi hii ya Dominika, pamoja na wagonjwa walio vitandani, wasafiri walio njiani, na akina mama ambao wakati huu wametega sikio moja kwenye redio na la pili kwa mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Leo nataka kuzungumza hasa na hao wa mwisho, na pamoja nao sisi wengine wote tunaowatazama kwa jicho kali mtoto wao anapolia mbele za watu.

Injili ya leo ina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza Mafarisayo wanamwuliza Bwana wetu kama ni halali mtu kumwacha mkewe. Naye anawarudisha mwanzo kabisa, kwenye kazi ya Mungu aliyewaumba mume na mke ili wawe mwili mmoja. Katika sehemu ya pili watu wanamletea watoto wadogo apate kuwagusa. Wanafunzi wanawakemea, Yesu anachukizwa na jambo hilo, kisha anawakumbatia watoto na kuwabariki. Sasa, kitabu cha masomo kinatoa ruhusa kuisoma Injili hii kwa ukamilifu au kwa ufupi. Padre anayechagua ufupi huishia aya ya 12, yaani mwisho wa mafundisho juu ya ndoa. Ndoa inasomwa, watoto wanabaki nje.

Nakiri mbele yenu kwamba katika miaka ya kwanza ya upadre wangu nilichagua ufupi. Niliona kwamba habari ya ndoa ni nzito na inatosha, na kwamba habari ya watoto ni jambo jingine lililofuata tu baadaye. Siku hizi naisoma Injili hii yote. Aliyenibadilisha ni mtoto mmoja wa miaka miwili, nami nitawasimulia habari yake, ingawa hainipi sifa.

Ilikuwa mwaka 2001. Nilikuwa padre kijana, nikihudumia vigango vya pwani ya Kilwa. Wasikilizaji wa Lindi na Kilwa mnajua jinsi sisi Wakatoliki tulivyo wachache katika pwani hii, na kwa hiyo arusi ya kanisani huwa ni shughuli ya kijiji kizima. Majirani zetu Waislamu hufika tangu alfajiri kuchambua mchele na kukuna nazi, na mnyama huchinjwa na Mwislamu, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Kanisa lilikuwa dogo, limeezekwa kwa bati, na joto la mchana lilikuwa likitushukia vichwani. Misa ilipangwa kuanza saa saba. Maarusi walifika saa tisa kasoro robo.

Katika benchi la tatu aliketi dada yake bibi arusi, amempakata mwanawe wa kiume. Tulipomaliza sala ya mwanzo watu waliitikia Amina, kukawa kimya, na katika kimya kile mtoto akapaza sauti. Baada ya sala nyingine akapaza tena. Nilipoanza mahubiri, akapaza mara ya tatu na ya nne. Mama alimpa titi, mtoto akalikataa. Akampa funguo achezee, mtoto akazitupa sakafuni, nazo zikalia kama kengele ya Misa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeandaa mahubiri yale kwa siku tatu, nami niliona kazi yangu yote ikiharibiwa na kitoto kisichofika magotini pangu. Basi nikasimama, nikasema mbele ya watu wote, "Mama mwenye mtoto, tafadhali toka nje ili tupate kusali." Akainuka, akainamisha kichwa, akatoka.

Dakika chache baadaye nikawauliza maarusi yale maswali ambayo Kanisa huwauliza kabla ya kupeana ahadi: kama wamekuja kwa hiari yao, kama watapendana na kuheshimiana maisha yao yote, na kama wako tayari kuwapokea kwa upendo watoto ambao Mungu atawajalia. Wakajibu kwamba wako tayari. Nami niliyekuwa nikiuliza swali hilo la mwisho nilikuwa nimetoka kumfukuza mtoto.

Misa ilipokwisha nilitoka kwa mlango wa pembeni. Chini ya mwembe, hatua kadhaa kutoka kwenye mafiga ya wapishi, nilimkuta yule mtoto ameketi mkekani pamoja na bibi mmoja wa Kiislamu, jirani wa kanisa letu. Mbele yao palikuwa na vifuu viwili vya nazi, makome makubwa matatu ya baharini na fungu la mchanga mkavu. Bibi alijaza mchanga katika kifuu, mtoto akaumwaga. Akajaza tena, mtoto akamwaga tena, akacheka kana kwamba jambo hilo halijapata kutokea duniani.

Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Padre. Pole na kazi."

Nikamwuliza mama wa mtoto yuko wapi. Akanijibu, "Nilimwambia arudi ndani akamtazame mdogo wake, mjukuu aniachie mimi. Hakuthubutu kuingia. Amesimama pale mlangoni mpaka mwisho." Kisha akanitazama, akaongeza kwa upole ambao nausikia hata leo, "Mwanangu, mtoto huyu hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akiitikia. Hebu sikiliza." Akasema kwa sauti, "Amin." Mtoto akaangusha kifuu, akainua mikono yote miwili, akapaza sauti, "Mina! Mina!"

Ndugu zangu, Amina ya watu wazima siku ile ilitoka midomoni ikaishia hapo. Mtoto yule aliona ni neno tamu, akataka kulirudia hata sisi tulipokuwa tumekwisha nyamaza. Nami nikamtoa nje.

Jioni, karamuni, ndipo nilipojua kwamba mama yule alikuwa ametoka Dar es Salaam. Ninyi vijana mnaopita leo juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, hamuwezi kuijua safari ile ya zamani. Ilibidi kungojea kivuko cha Ndundu ili kuuvuka mto Rufiji, kisha kupambana na mchanga na matope mpaka Nangurukuru. Alikuwa amelala usiku mmoja njiani, mtoto mapajani, ili aione arusi ya mdogo wake wa pekee. Akaiona kwa mbali, akichungulia juu ya mabega ya watu. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Si kitu, Baba." Lakini sote twajua kwamba mtu husema "si kitu" hata pale palipo na kitu kikubwa.

Basi, tuirudie Injili. Habari hii ya watoto imeandikwa na Mathayo, na Marko, na Luka. Luka anatumia neno la Kigiriki linalotajwa kwa watoto wachanga hasa, wale wa kubebwa. Lakini mambo mawili tunayapata kwa Marko peke yake. La kwanza ni kwamba Yesu alipoona wanafunzi wanawakemea watu wale, alichukizwa. La pili ni kwamba aliwakumbatia wale watoto mikononi mwake. Yaani hasira iliwaelekea watu wazima, na mikono ikawaelekea watoto. Mimi siku ile nilifanya kinyume chake: mikono yangu niliinyosha kwa watu wazima, na hasira nikampa mtoto.

Tusiwahukumu wale wanafunzi haraka. Hawakuwa watu wabaya. Mwalimu wao alikuwa katika mazungumzo mazito, juu ya ndoa na talaka, mambo ambayo mpaka leo yanawatoa watu machozi. Walitaka asisumbuliwe. Walikuwa, kwa lugha yetu ya leo, kamati ya arusi: watu wenye nia njema, wenye orodha mkononi, wanaotaka shughuli iende kwa utaratibu. Kosa lao ni kwamba walidhani watoto wamekatiza mazungumzo juu ya ndoa. Yesu aliona kwamba watoto wameyakamilisha.

Wapendwa wasikilizaji, nasema haya kwa sababu arusi zetu zimebadilika. Zamani karamu ilifanyika uani, chini ya turubai, na watoto walikuwa kila mahali kama kuku. Leo tuna ukumbi, tuna viti vilivyovalishwa vitambaa, tuna michango na kadi. Kadi moja ni ya mtu mmoja, nyingine ni ya watu wawili, na chini yake mara nyingi huandikwa kwamba watoto hawaruhusiwi. Naelewa sababu. Sahani zimehesabiwa, ukumbi umelipiwa kwa shida, na hakuna anayependa keki iangushwe kabla haijakatwa. Mtu anayeandika hivyo hatendi dhambi. Lakini afikirie kadi hiyo inamfikia nani. Mwenye uwezo atamwacha mtoto nyumbani na mtu wa kumtazama. Mama mjane, au mama ambaye mumewe yuko baharini, akivua au akisafiri, atalichukua neno lile kama kwamba limemwambia yeye, "Usije." Tumeomba dua ili maarusi wapate watoto, kisha tukawaambia wenye watoto wabaki nyumbani.

Na mtoto mwenyewe anapoteza nini? Anapoteza shule. Mnakumbuka kwamba Bwana wetu aliwahi kukifananisha kizazi chake na watoto walioketi sokoni, wakilalamika kwamba wenzao hawakucheza filimbi ilipopigwa, wala hawakulia walipoombolezewa. Maana yake ni kwamba watoto wale walikuwa wakicheza arusi na msiba, na kwamba Yesu aliwahi kuwatazama watoto wakicheza hivyo. Hata huku kwetu, katika vijiji vya Kilwa na Lindi, utawakuta watoto wanapika wali wa mchanga katika vifuu, mmoja amejitanda kanga, anaitwa bibi arusi. Waliyaona wapi hayo? Waliyaona arusini, wakiwa mgongoni mwa mama zao. Methali yatuambia kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto asiyeiona arusi kwa macho yake atajifunza maana ya ndoa mahali pengine, na si kila mahali ni pazuri.

Sasa mtu ataniambia, "Padre, maneno yako ni mazuri, lakini wewe huna mtoto. Hujui kazi ya kumtuliza mtoto wa miaka miwili katika shughuli ya saa sita." Ni kweli. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kwa hiyo haya nitakayosema nimeyapata kwa bibi yule wa chini ya mwembe, kwa akina mama wa WAWATA, na kwa kutazama arusi nyingi tangu siku ile.

Jambo la kwanza ni saa. Mtoto mdogo hajui kungoja. Saa moja yetu kwake ni siku nzima. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa umri huu asibanwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala kati ya saa 11 na 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Basi, nawasihi ninyi maarusi: mkichelewa saa mbili kwa sababu ya picha, mnaoumiza wa kwanza ni watoto. Yule mtoto niliyemfukuza hakuwa mtukutu. Alikuwa amengoja tangu saa saba katika joto la bati. Kuanza kwa wakati ni huruma kwa wadogo. Nanyi wazazi, mkiweza, mtoto alale na kula kabla ya kwenda, kwa maana mtoto mwenye njaa na usingizi hatulizwi na kitu chochote.

Jambo la pili ni kazi. Mtoto wa miaka miwili hataki kuchezewa, anataka kushiriki. Ukimwambia "tulia" humpi kitu cha kufanya. Mpe kikapu kidogo abebe maua. Mpe pindo la kanga alishike. Mpe vifuu viwili agonge ngoma inapopigwa, awasaidie akina mama vigelegele. Akichoka na sauti, mtoe uani, umwonyeshe kuku, mchanga na miti, kisha mrudishe. Bibi yule hakuwa na mchezo wa dukani. Alikuwa na mchanga, na alikuwa na subira ya kujaza kifuu mara arobaini kwa ajili ya mtoto asiye wake.

Hapa nataka kusema neno juu ya simu. Siku hizi mtoto akilia tunamshikisha simu yenye picha zinazocheza, naye hunyamaza papo hapo. Siwalaumu wanaofanya hivyo kwa dakika chache za dhiki. Mwongozo ule ule wa mwaka 2019 unasema kwamba kwa mtoto wa miaka miwili kutazama kioo kusizidi saa moja kwa siku, na pungufu yake ndiyo bora. Lakini mimi nina sababu nyingine ya kiroho. Mtoto aliyeshikishwa simu ameketi arusini, lakini hayupo arusini. Tumemtoa nje bila kumwinua kitini. Hata mimi siku ile nilimtoa nje, lakini nje kulikuwa na bibi.

Jambo la tatu ni usalama, nalo nitalipitia haraka kwa sababu kila mzazi analijua, ila furaha hutusahaulisha. Shughuli ya arusi ina masufuria ya moto, mafuta yanayochemka, magari yanayorudi nyuma, visima na bahari. Ina vipaza sauti ambavyo mtoto asikalishwe karibu navyo, kwa maana masikio yake ni mapya. Hata korosho, ambazo ni fahari ya mkoa wetu wa Lindi, pamoja na karanga, si vitu vya kumwachia mtoto wa miaka miwili, kwani humkaba koo. Pale ambapo kila mtu anadhani mwenzake anamtazama mtoto, hakuna anayemtazama. Atajwe mtu mmoja kwa jina, na zamu yake ijulikane.

Ndivyo ninavyofika kwenye jambo la nne, ambalo ndilo zito kuliko yote: zamu hiyo ni ya nani? Tazameni arusi yoyote. Baba ameketi na wanaume wenzake, amelegeza tai, anazungumza. Mjomba na babu hali kadhalika. Mama anakula kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mtoto. Akina baba, nawauliza: mtoto huyo alipatikana kwa mtu mmoja? Katika somo la kwanza la leo mwanamume anaitambua nyama ya nyama yake na mfupa wa mifupa yake. Basi, na mtoto huyo naye ni mfupa wako. Mbebe. Mzungushe ukumbini nusu saa, mkeo ale na kuzungumza na ndugu zake. Hakuna heshima ya mwanamume iliyowahi kuharibiwa na mtoto aliyelala begani mwake.

Na tazameni tena, mbali zaidi, karibu na mlango wa nyuma. Pale yuko binti mmoja, ametoka kijijini bara, amebeba mtoto wa watu. Hana kadi. Hakumwona bibi arusi akiingia. Atakula wengine wakishamaliza, kama kuna kilichobaki. Yeye ndiye aliyetufanya sisi sote tusherehekee kwa utulivu, na hakuna anayejua jina lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 katika nchi yetu inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Mara nyingine huyo anayebeba mtoto ni mtoto mwenyewe. Na hata akiwa amefikia umri, ana macho yanayotamani kuona.

Wapendwa, Kilwa Kivinje katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia pale, na miongoni mwa waliopakiwa majahazini walikuwamo watoto wengi, walioondolewa kwa mama zao wakawa hawana wa kuwaita kwa majina yao. Sisemi kwamba binti wa kazi ni mtumwa. Nasema kwamba pwani yenye kumbukumbu kama hiyo ingepaswa kuwa ya mwisho kumwona mtoto wa bara amesimama mlangoni na kupita bila kumuuliza jina. Umuulize jina. Apewe sahani ya kwanza, siyo ya mwisho. Na mtoto apokewe mikononi mwake kwa muda, naye aende mbele akamtazame bibi arusi.

Je, Kanisa linafundisha nini juu ya watoto hawa ibadani? Baadhi yenu mtashangaa kusikia kwamba Kiti Kitakatifu kilitoa Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto mwaka 1973. Humo imependekezwa kwamba watoto wachanga ambao bado hawawezi au hawataki kushiriki Misa wanaweza kutunzwa mahali pa pekee na wasaidizi wa parokia, kisha waletwe mwishoni wabarikiwe pamoja na jumuiya yote. Mwongozo huo haumwachii mama peke yake aibu ya kutoka. Unasema, kwa maneno mengine, kwamba mtoto ana mahali pake, na kwamba kumtunza ni kazi ya parokia. Nasi tunakumbuka jinsi Hayati Papa Fransisko, alipokuwa akiwabatiza watoto katika kikanisa cha Sistina kule Vatikano, alivyowaambia akina mama wasiogope kuwanyonyesha watoto wao wenye njaa pale pale. Mimi nilikuwa na kanisa la bati, na niliona kelele haistahili.

Tangu siku ile, kabla ya Misa ya ndoa, huwaomba akina mama wawili wa jumuiya watandike mkeka karibu na mlango wa pembeni, mahali ambapo altare inaonekana. Mtoto anayechoka huenda pale, na mzazi wake huweza kubaki. Akina mama hao hupokezana. Mwishoni, kabla ya baraka ya mwisho, watoto wote huletwa mbele, nami huwaomba maarusi wawawekee mikono pamoja nami. Mara nyingine mtoto huvuta shela ya bibi arusi, mara nyingine hulilia mshumaa. Hakuna ndoa hata moja iliyobatilika kwa sababu hiyo. Bali nimewaona maarusi ambao katika saa ile walielewa, kuliko katika mahubiri yangu yote, lile swali walilojibu kwamba wako tayari.

Somo la pili la leo, kutoka Waraka kwa Waebrania, linatuambia kwamba Kristo, aliye mtakatifu, haoni haya kutuita sisi ndugu zake. Tufikiri neno hilo. Sisi tunaona haya kwa sababu ya mtoto anayelia mbele ya wageni. Yeye hakuona haya kwa sababu yetu sisi, ambao tunalia, tunaanguka, tunarudia maneno tusiyoyaelewa, na kuyatupa sakafuni yote tunayopewa. Mbele ya Mungu ni nani kati yetu amepita umri wa miaka miwili? Anatuvumilia ukumbini mwake. Anatujazia kifuu, nasi tunamwaga; anakijaza tena.

Yule bibi wa Kilwa amekwisha kutangulia. Alimpokea mtoto wa mgeni bila kuuliza ni wa dini gani, nami naamini kwamba Yule aliyewakumbatia watoto alimwona. Mtoto naye leo ni mtu mzima. Sidhani kama anakumbuka lolote. Mama yake anakumbuka, na mimi nakumbuka. Ndiyo maana nawaambia ninyi ambao mna arusi Jumamosi ijayo: kabla ya kuhesabu viti, hesabuni watoto. Tafuteni mkeka, tafuteni bibi au babu mwenye subira, na akina baba wapangiwe zamu. Na kama katikati ya shughuli mtoto atapaza sauti, msikilizeni kwanza kabla ya kumkemea. Huenda anaitikia.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewachukua watoto mikononi mwako watu wazima walipokuwa wakizozana juu ya sheria, uwabariki watoto wote watakaoletwa arusini mwaka huu, na wale waliokatazwa kuletwa. Uwape mama zao nafasi ya kuketi, baba zao mikono ya kubeba, na mabinti wanaowalea macho ya kuwatambua na sahani ya kushiba. Utusamehe sisi wachungaji tuliowakemea wadogo wako tukidhani tunakulinda wewe. Na siku ile ya karamu yako ya milele, ututambue sisi sote kuwa watoto, wala usituache mlangoni. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.